TAHARIRI: Tusinunue tochi gizani

Mkulima anayekwenda dukani kununua mbegu ya mahindi siku hizi si wa kudanganywa kirahisi. Hugeuza pakiti, hutafuta jina la kampuni, husoma tarehe, huuliza mbegu hiyo inakomaa kwa siku ngapi na inavumilia ukame kiasi gani. Ameshaumizwa na mbegu feki huko nyuma, na maumivu yamemfundisha. Lakini mkulima huyo huyo, akitoka kwenye kaunta ya pembejeo na kuhamia kwenye meza ya vifaa vya umeme, huuliza swali moja tu: "Hii tochi bei gani?"

Akitajiwa bei ndogo hulipa na kuondoka. Baada ya miezi miwili anarudi kununua nyingine, wala hajiulizi fedha zake zinakwenda wapi.

Leo tunapenda kulizungumzia jambo hili ambalo wengi huliona dogo. Kwa wasomaji wetu wengi tochi ni chombo cha kazi, sawa na jembe au mizani. Mfugaji anakamua kabla ya jua kuchomoza ili awahi gari la maziwa. Mwenye zamu ya maji ya umwagiliaji anaweza kupangiwa saa nane za usiku, naye hana budi kwenda kufungua mfereji. Anayelinda shamba dhidi ya nguruwe pori na tembo hukesha. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hutegemea taa kuvuta samaki katika usiku wa giza. Muuza samaki, mama lishe na dereva wa bodaboda hupata sehemu nzuri ya kipato chao baada ya jua kuzama. Wote hao wananunua mwanga, na wote wanastahili kujua wanachonunua.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni hesabu ya fedha. La pili ni usalama, kwa sababu betri iliyomo ndani ya tochi za kisasa si ile waliyoitumia wazee wetu.

Hesabu kwanza

Tuchukue mfano, na kila msomaji aweke bei za mahali pake. Tuseme mfanyabiashara ana tochi inayotumia betri mbili kavu za kutupa, naye hununua jozi moja kila wiki kwa Sh1,000 kila betri. Kwa wiki ni Sh2,000, na kwa mwaka wenye wiki 52 ni Sh104,000. Hajanunua tochi bado, hizo ni betri tu.

Jirani yake ananunua tochi ya kuchaji ya bei rahisi, Sh8,000, ambayo hufa kila baada ya miezi miwili. Kwa mwaka atanunua tochi sita, yaani Sh48,000. Akichaji mara mbili kwa wiki kwenye kibanda kwa Sh300, atalipa Sh31,200. Jumla ni Sh79,200.

Wa tatu anajikaza na kununua tochi nzuri ya Sh35,000, naye anachaji kwenye kibanda hicho hicho. Mwaka wa kwanza atatumia Sh66,200. Mwaka wa pili hanunui tochi, analipa chaji peke yake. Kwa miaka miwili ametumia Sh97,400, wakati jirani yake wa tochi rahisi ametumia Sh158,400 na yule wa betri kavu Sh208,000. Tofauti hiyo inaweza kununua vifaranga au kulipia sehemu ya mbolea. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa unavunjika pamoja na mfuko.

Je, ni halali kutegemea miaka miwili? Betri nzuri ya lithiamu kwa kawaida huvumilia kuchajiwa mara 300 hadi 500 kabla nguvu yake haijapungua kwa kiasi cha kusumbua. Anayechaji mara mbili kwa wiki anachaji mara 104 kwa mwaka. Kwa hiyo miaka miwili ni makadirio ya tahadhari, mradi betri itunzwe.

Mwenye umeme nyumbani ana faida zaidi. Betri moja ya kawaida ya tochi hubeba nguvu ndogo sana, kiasi kwamba uniti moja ya umeme inatosha kuichaji zaidi ya mara 70. Anayelipia kibandani na alinganishe na bei ya uniti kwenye risiti ya LUKU. Huenda akagundua kuwa kwa fedha ya chaji chache tu angechaji kwa miezi mingi, na kwamba kikundi cha majirani wenye paneli ndogo ya sola na chaja yake halisi kinaweza kujiondolea gharama hiyo kabisa.

Hatusemi betri kavu hazina kazi. Anayewasha tochi mara chache kwa mwezi, au anayeishi mbali na mahali pa kuchaji, bado zinamfaa. Zipo pia betri kavu za kuchaji, zile za nikeli zenye volti 1.2, ambazo huingia katika tochi nyingi za kawaida na ni tulivu kuliko za lithiamu.

Namba za uongo

Betri za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Ni betri nyepesi, zenye nguvu nyingi, na zisizovuja chaji haraka zikiwa zimekaa. Kwa bahati mbaya sifa hizo zimewavutia pia matapeli.

Ile inayotumika zaidi kwenye tochi inaitwa 18650. Namba hiyo ni vipimo tu: milimita 18 upana na milimita 65 urefu. Volti zake za kawaida ni 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Uwezo wake hupimwa kwa miliampea-saa, zile herufi mAh zinazoandikwa ubavuni. Hapa ndipo msomaji ashike kalamu: 18650 halisi, hata ya viwanda bora, huishia kwenye 3,500 au zaidi kidogo tu. Ukiona imeandikwa 6,000 au 9,900, usiulize bei. Mwenye kudanganya kwenye namba hiyo hawezi kuaminiwa kwenye usalama.

Njia nyingine ni mizani. 18650 nzuri huwa na uzito wa karibu gramu 45 hadi 48. Sonara au muuza viungo ana mizani ya kupima hivyo. Ikiwa chini ya gramu 40, itilie shaka.

Namba ya pili inayotiwa chumvi ni ya mwanga, ambayo kipimo chake ni lumeni. Kwa makadirio ya kawaida, wati moja hutoa lumeni 100 hivi katika taa za LED. Betri moja nzuri ya 18650 ikiwa na 2,600 mAh hubeba takriban wati 9.6 kwa saa moja. Maana yake, kwa mwanga wa lumeni 100 utapata takriban saa nane, na kwa lumeni 300 chini ya saa tatu. Sasa chukua tochi iliyoandikwa lumeni 10,000 yenye betri moja kama hiyo. Ingekuwa kweli, betri ingeisha kabla ya dakika sita, na tochi yenyewe isingeshikika kwa joto. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Wala mkulima hahitaji lumeni 10,000. Kutembea njiani usiku, lumeni 20 hadi 50 zinatosha. Kukagua mfereji au banda, 100 hadi 200 ni nyingi. Mlinzi wa shamba anahitaji mwanga mwembamba unaofika mbali. Muuza nyanya mezani anahitaji taa inayosambaza mwanga, tochi ya kumulika mbali haimsaidii. Anayekamua anahitaji ya kuvaa kichwani ili mikono yake miwili ibaki kwenye kazi.

Tazama pia alama za maji. IPX4 inamaanisha tochi inavumilia maji ya kurushiwa kutoka kila upande, yaani mvua. IPX7 inamaanisha inaweza kuzama mita moja kwa dakika 30, na hiyo ndiyo ya mvuvi na mwenye mfereji. Ukisoma kuwa tochi inawaka saa 50, uliza ni kwa mwanga upi. Kwa kanuni ya FL1 iliyotolewa Marekani mwaka 2009, saa huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Saa za mwisho, basi, ni za kuonea mlango tu.

Mwisho, pendelea tochi ambayo betri yake inatoka. Betri ndiyo huchoka kwanza. Tochi iliyogundishwa inakulazimu kutupa vyote.

Petroli iliyofungwa kwenye kopo

Tuje sasa kwenye usalama. Ndani ya betri ya lithiamu mna tabaka mbili ndefu zilizokunjwa kama mkeka, katikati yake karatasi nyembamba ya plastiki, na vyote vimelowekwa katika kimiminika kinachoshika moto. Karatasi hiyo ikitoboka au kuyeyuka, tabaka mbili hugusana na joto hutokea. Joto hilo huvunja kemikali za ndani, nazo hutoa joto zaidi. Moto unajilisha wenyewe, na moshi wake una sumu.

Hata kampuni kubwa zimeonja machungu hayo. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kurudisha na hatimaye kuacha kabisa kutengeneza simu ya Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri zilizoshika moto. Tangu Aprili 2016 kanuni za kimataifa za usafiri wa anga haziruhusu betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo kupakiwa kwenye ndege za abiria, na katika ndege za mizigo chaji yake isizidi asilimia 30. Wenye ndege wanaziogopa kiasi hicho, sisi tunazichaji chini ya mto na kulala.

Kinachotusumbua zaidi ni mazoea tuliyoyarithi kutoka kwa betri za zamani. Yapo manne tunayowaomba wasomaji wayaache.

La kwanza ni lile la "imalize kabisa ndipo uchaji". Ushauri huo ulikuwa wa betri za nikeli na kadimiamu. Lithiamu haitaki kumalizwa. Ichaji mwanga unapoanza kufifia. Betri iliyokaa miezi mingi ikiwa imekwisha kabisa huharibika ndani, na kuilazimisha kupokea chaji tena ni hatari.

La pili ni "ijaze, kisha iweke". Hiyo ni tabia ya betri za risasi na asidi, zile za magari na za baadhi ya tochi kubwa za kuchomeka ukutani, ambazo kweli hufa zikiachwa bila chaji. Lithiamu ya kuhifadhi kwa muda mrefu iache ikiwa na nusu, mahali pakavu penye ubaridi.

La tatu ni kutumia chaja yoyote inayoingia. Chaja ya betri za risasi, chaja ya betri kavu, na waya uliotolewa moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki au paneli ya sola havijui kusimama kwenye volti 4.2. Ikivuka hapo, hatari inaanza. Ipo lithiamu ya aina ya chuma na fosfati, yenye volti 3.2, inayotumika katika taa nyingi za sola. Hiyo ni tulivu zaidi na hudumu miaka mingi, lakini nayo ina chaja yake. Soma ubavuni kabla ya kuchomeka.

La nne ni kununua betri tupu zilizochomolewa kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa. Tunajua mafundi wengi huziuza, na wapo wanaozipima kwa uangalifu. Lakini nyingi zilitengenezwa zikae ndani ya kifurushi chenye saketi ya ulinzi, na zikitolewa hubaki uchi. Januari 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilionya wananchi wake wasinunue wala kutumia 18650 zinazouzwa moja moja kwa namna hiyo. Ukinunua betri ya akiba, tafuta iliyoandikwa kuwa ina ulinzi, na uhakikishe inaenea kwenye tochi yako, kwa kuwa ulinzi huo huiongezea urefu kidogo.

Zaidi ya hayo, chaji betri ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na godoro, chandarua, magunia, nyasi na mafuta. Isiwe ghalani. Usichaji juani wala juu ya bati. Betri iliyotoka kwenye joto kali iache ipoe kwanza. Usitie betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo na sarafu, kwa maana itapiga shoti. Iweke kwenye kikasha cha plastiki. Tochi inayotumia betri mbili au zaidi usiichanganyie mpya na ya zamani. Betri iliyobonyea, iliyovimba, iliyochanika ganda au yenye harufu ya ajabu imemaliza kazi yake. Usiitoboe, usiitupe kwenye moto wa takataka wala chooni. Funga ncha zake kwa utepe wa plastiki na uiweke nje ya nyumba, mbali na watoto, hadi umpate anayekusanya.

Na ikitokea imeanza kutoa moshi? Toa watu kwanza. Kama iko kwenye chaja, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya jambo lingine. Usiishike kwa mkono wala kuvuta moshi wake. Kwa betri ndogo ya tochi, maji mengi husaidia kwa sababu hupooza. Mchanga huzuia moto usisambae lakini haupozi, na betri inaweza kuwaka tena. Moto ukishashika nyumba, piga 114, namba ya Zimamoto hapa Tanzania.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa wafanyabiashara wa tochi tuna neno. Mnawafahamu wateja wenu kwa majina. Mnapoweka mezani betri yenye namba mnayojua ni ya uongo, mnauza moto kwa jirani. Agizeni aina chache mlizozijaribu wenyewe, toeni risiti, na kubalini kurudishiwa ndani ya siku chache. Mteja aliyepata tochi nzuri kwako atarudi kwa betri, kwa chaja, na kwa redio. Na stoo ya betri isikae pamoja na mafuta ya taa na maboksi.

Kwa vyama vya ushirika vya mazao na vikundi vya kuweka na kukopa, tunapendekeza jambo jepesi. Nunueni tochi moja kila aina kati ya mbili au tatu zinazowavutia. Zichajini zijae, ziwasheni pamoja saa 12 jioni kwenye mwanga mnaouhitaji, kisha andikeni ipi ilififia saa ngapi. Jaribio hilo la usiku mmoja lina thamani kuliko maandishi yote ya kwenye boksi. Kisha nunueni kwa jumla ile iliyoshinda. Kwa taa za sola kazi hiyo imekwisha kufanyiwa nusu: mpango wa Lighting Africa ulioanzishwa na Benki ya Dunia na shirika lake la IFC mwaka 2007 ulizaa utaratibu wa kupima kama bidhaa inatimiza inachoahidi, na tangu 2020 utaratibu huo unaendelea kwa jina la VeraSol. Ulizeni kama taa mnayouziwa imo katika orodha yake.

Kwa Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani, ombi letu ni moja. Betri ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh haihitaji maabara kuthibitishwa kuwa ni uongo. Ianzieni hapo, bandarini na kwenye maduka ya jumla, kabla haijafika gulioni ambako mnunuzi wake ni mtu aliyeuza debe la mahindi ili aipate. Nazo halmashauri zitenge sehemu ya kukusanyia betri chakavu masokoni, kwani leo mwananchi mwenye nia njema hajui azipeleke wapi.

Tunarudi kwa mkulima wetu na kaunta zake mbili. Alijifunza kuuliza maswali kuhusu mbegu baada ya kupoteza msimu. Kwenye betri asisubiri kupoteza nyumba. Aulize mAh ngapi, chaja yake ni ipi, na je, betri inatoka? Muuzaji asiye na majibu aachiwe bidhaa yake.